Tumbo la Mgebuka

Kazi yangu ni mkasi, kisahani na penseli.
Alfajiri nashuka mwaloni Kibirizi, nawahi kabla ya makarai,
naomba migebuka kumi, si lazima wanono, wowote tu,
na Mama Ntakije ananiuzia huku ananicheka:
"Mtu mzima, unanunua samaki ukasome utumbo!"

Nausoma kweli.

Miaka ya nyuma, mwezi wa saba,
kusi ilipuliza siku sita bila kuvuta pumzi,
ziwa likainama kama beseni kichwani kwa mtoto.
Upepo ukikoma lilirudi, likapita kiasi, likarudi tena,
na kile kilicholala chini,
baridi, giza, mbolea ya miaka,
kikapanda kuonja jua.
Maji yakageuka rangi ya mchicha uliochemshwa.
Vijidudu wakala ule ukijani,
dagaa wakala vijidudu,
mgebuka akawaandama dagaa kama mdai aliyeonyeshwa nyumba,
na nyuma yake sangala, mzito, hana haraka,
anajua chakula chake kinashiba kwanza.
Siku hizo nilipasua tumbo moja nikahesabu dagaa kumi na tisa,
wamelala ubavu kwa ubavu,
bado wanang'aa.

Mwaka huu kusi imekuja kama mgeni wa mlangoni:
imesalimia, haikuketi.
Nilishusha kipimajoto kwa kamba ya vifundo.
Juu, vuguvugu.
Kifundo cha ishirini, vuguvugu.
Cha sitini, baridi ghafla,
na kati yao hakuna anayepanda wala anayeshuka,
majirani waliogombana, ukuta mmoja.
Ziwa limejifunika kwa joto lake lenyewe,
sufuria yenye mfuniko
ambayo ndani hakiivi kitu.

Tumbo la kwanza: uduvi.
La pili: uduvi, kidogo.
La tatu: maji.
La nne nililipasua mara mbili
nikidhani mkasi umekosea.

Mama Ntakije hana kipimajoto.
Ana kopo la lita moja na vichanja vinane vya kuanikia.
Vitano vimelala tangu Pasaka,
kuku wanataga chini yake.
Nikamwambia: joto limepanda sehemu tatu za kumi za nyuzi.
Akaniambia: kwangu limepanda vichanja vitano.

Pale mwaloni kila mtu ana mshtakiwa wake.
Nyavu zimezidi, kweli.
Taa za sola zinamshinda mwezi, kweli.
Mzee Bichwa anasema ni dhambi zetu,
na kwa namna fulani sina la kumbishia.
Mimi nimeshika joto, nalo ni kweli,
ila siwezi kulileta kwa karani likala kiapo.

Jioni, nyumbani Mwanga, Jenerosa ananisaidia kujumlisha.
Ana miaka tisa, saba yake ina mkia.
"Baba, huyu mgebuka kwa nini anakula uduvi?"
Kwa sababu dagaa hawakuja.
"Hawakuja kwa nini?"
Chakula chao kimebaki chini.
"Na sisi tukipasuliwa?"

Nilicheka.
Halafu nikageuza daftari, ukurasa wa mwisho,
usio na safu za kujaza, nikaandika:
Jumatatu, maharage ya Kasulu.
Jumanne, maharage.
Jumatano, muhogo na chumvi ya Uvinza.
Alhamisi, dagaa watano:
wa mtoto watatu,
wangu wawili.

Asubuhi nikakuta amesahihisha.
Ile "wawili" imekatwa kwa rula, kama ninavyomfundisha,
pembeni imeandikwa "mmoja",
na chini yake, herufi zimelala upande:
Umemsahau paka.
Nilikuona ukimpa.